Pembe, Mfupa na Jino: Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo wa Kutengeneza Mipini ya Visu

Rasimu nyingi zinazoletwa kwetu ili zikaguliwe lugha kabla ya kupigwa chapa huwa na makosa yaliyozoeleka: upatanisho wa kisarufi uliolegea, tahajia mbili za neno moja katika ukurasa mmoja, na maneno ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Makosa hayo hurekebishwa kwa kalamu nyekundu, na kazi ikaendelea. Rasimu tunayokusudia kuihakiki hapa si ya namna hiyo. Sarufi yake ni safi, tahajia yake haina dosari kubwa, na mfasiri wake ni mtu aliyesoma. Hata hivyo, fundi atakayeifuata neno kwa neno ataharibu pembe zake, huenda akajikuta mahakamani, na mahali pamoja anaweza kuhatarisha maisha yake.

Rasimu yenyewe ni mwongozo mfupi wa kuandaa pembe za ng'ombe kwa ajili ya mipini ya visu. Imetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa manufaa ya vikundi vya vijana wa Dodoma na wilaya za jirani, ambako ng'ombe ni wengi na pembe hutupwa machinjioni pamoja na kwato. Nia ni njema. Hatutaitaja taasisi iliyoiandaa wala mfasiri wake, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Tumeyaona katika miongozo ya ufugaji nyuki, ya ujenzi na ya afya, nasi wenyewe tumewahi kuyafanya.

Ama kuhusu neno *pembe* lenyewe, msomaji na asome sentensi hii iliyomo katika ukurasa wa tatu wa rasimu: "Kata pembe kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka pembe ya meza." Hakuna neno la kigeni hata moja hapo, na kila *pembe* kati ya hizo tatu ni sahihi kwa maana yake. Ya kwanza ni ya ng'ombe, ya pili ni ya hisabati, ya tatu ni ya seremala. Lakini kijana aliyeshika msumeno hana nafasi ya kufumbua kitendawili. Ilitosha kuandika: "Ikate pembe mshazari, kwa nyuzi 45, ukianzia kwenye kona ya meza." Lugha ina *mshazari*, ina *kona*, mfasiri aliyaacha kwa kuwa kamusi aliyoifungua ilimpa jibu la kwanza naye akaridhika nalo.

Hilo ni kosa la kuchekesha tu. Zito zaidi ni kwamba rasimu imetumia *pembe* kwa vitu vinne ambavyo fundi, daktari wa mifugo na ofisa wa wanyamapori hawawezi kuvichanganya. Pembe ya ng'ombe, ya mbuzi, ya nyati au ya tandala ni gamba gumu la keratini, yaani kitu kile kile kinachofanya ukucha na ukwato, lililovishwa juu ya mfupa uliochipuka kutoka katika fuvu. Pembe ya kifaru nayo ni keratini, lakini haina mfupa ndani. "Pembe" ya ndovu si pembe kabisa: ni jino. Na zile "pembe" zenye matawi za ayala wa Ulaya na Asia, ambazo hupukutika na kuota tena kila mwaka, ni mfupa mtupu. Kitabu cha Kiingereza kilichotafsiriwa kilitaja vyote vinne, kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu vyote vimewahi kufanywa mipini ya visu na kila kimoja kina namna yake ya kuandaliwa. Rasimu inasema *pembe*, *pembe*, *pembe* na *pembe*.

Je, ni umaskini wa Kiswahili? La hasha. Kiswahili kilipohitaji kutofautisha kilitofautisha. Pembe ndogo ya mganga ya kuumikia damu ina jina lake, *chuku* au *ndumiko*, na mtu asiyepata kuumikwa bado analisikia jina hilo mtu mwingine anapopiga chuku katika mazungumzo. Pembe ya kupulizwa ni *baragumu*. Ya kuwaitia watu kusikiliza tangazo ni *mbiu*. Ile ya enzi, iliyopulizwa katika sherehe za watawala wa Pwani, ni *siwa*. Na hapa lugha ilitazama kazi wala haikujali maada, maana siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ikafanywa kwa shaba, zote mbili zikaitwa siwa.

Kwa nini basi ndovu alipewa pembe badala ya jino? Sababu ni biashara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita Ugogoni, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate ruhusa ya kupita na maji ya kunywa. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia uliojulikana, namna neno hilo lilivyoporomoka hata likafikia maana yake ya leo yastahili makala ya peke yake.) Katika misafara hiyo mtu aliyesema *pembe*, bila kuongeza neno, alikuwa amekwisha kueleweka: ndizo zilizobebwa mabegani, ndizo zilizouzwa Unguja. Pembe ya ng'ombe haikuwa bidhaa ya msafara, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuzitenga. Haja hiyo sasa ipo. Watanzania wengi wamekwisha kuitimiza kwa kusema *meno ya tembo*, na wamefanya vyema, kwani istilahi hiyo inasema kweli ya kitu. *Pembe za ndovu* ibaki katika ushairi, katika historia na katika majina yaliyokwisha kukaa. Katika mwongozo wa ufundi, katika stakabadhi na katika hati ya mashtaka, tunashauri *meno ya tembo* peke yake.

Kifaru naye alikuwa na neno lake, nalo ni *kipusa*. Kamusi zetu zinalihifadhi kwa maana ya pembe ya kifaru. Leo ukilitamka mjini, vijana watageuka kumtafuta msichana mzuri anayepita. Hatuna ugomvi na vijana. Neno lililoachwa bila kazi hujitafutia kazi nyingine. Lakini tukumbuke liliachwa wakati gani. Katika miaka ya 1970 na 1980 vifaru wa Afrika Mashariki waliuawa kwa wingi, na soko moja kubwa la pembe zao lilikuwa Yemen, ambako zilichongwa mipini ya majambia. Mpini wa pembe ya kifaru ulikuwa alama ya heshima ya mwanamume, na ulizidi kupendwa kwa namna ulivyong'aa kadiri ulivyoshikwa. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1977 chini ya mkataba wa kimataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Yemen ya Kaskazini ikakataza kuziingiza nchini mwake mwaka 1982. Kwa hiyo mpini wa kisu si jambo dogo kama linavyoonekana. Mnyama mmoja wa nchi yetu alikaribia kutoweka kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya mpini wa kisu. Mwongozo unaomfundisha kijana kazi ya mipini ya pembe, na ambao katika ukurasa wake wa kwanza unasifu "mipini ya pembe ya Uarabuni" bila kusema ni pembe ya nani, unamwelekeza pasipo kukusudia mahali asipotakiwa kufika.

Jambo hili si la nadharia kwa mtumishi wa Serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile Na. 12 ya mwaka 1974, inahesabu pembe, meno, ngozi na mifupa ya wanyamapori kuwa nyara, na kuwa na nyara bila kibali ni kosa lenye adhabu kali. Pembe ya ng'ombe si nyara; pembe ya tandala, ya choroa au ya palahala ni nyara. Kijana anayesafirisha gunia la pembe kutoka Kongwa kwenda Dodoma mjini, akiwa na karatasi iliyoandikwa "pembe, kilo 40", amebeba karatasi isiyomsaidia yeye wala askari wa kizuizini. Karatasi iseme "pembe za ng'ombe". Neno moja tu limeongezwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatuwezi tena kujikinga kwa kusema kwamba maana halisi imo katika nakala ya Kiingereza.

Katika eneo hili hili rasimu imefanya kosa ambalo nusura litupite nasi. Kitabu cha asili kinasifu mipini iliyofanywa kwa pembe za yule mnyama wa Ulaya mwenye pembe zenye matawi. Mfasiri ameandika *kulungu*. Wako watakaomtetea, kwani vitabu vingi vilivyotafsiriwa vimemwita hivyo. Lakini mnyama huyo wa Ulaya haishi katika mbuga zetu, na yule ambaye wawindaji wetu humwita kulungu, na wengine mbawala au pongo, ni mnyama wa porini wa hapa hapa, mwenye pembe zisizopukutika, aliyelindwa kwa sheria. Ulaya mtu anaweza kuokota msituni pembe iliyopukutika bila kumgusa mnyama. Huku kwetu, ili kupata pembe ya kulungu, kulungu sharti afe. Biblia ya Kiswahili ilimpa yule wa mbali jina la *ayala*, na neno hilo linatutosha. Kwa mwongozo wa Dodoma, hata hivyo, tungelifuta fungu zima, kwani halimhusu msomaji.

Ili tusihukumu tukiwa tumeketi ofisini, mwandishi wa makala haya aliichukua rasimu hiyo hadi kwa fundi mmoja mzee nje ya mji wa Dodoma, ambaye kwa miaka mingi ametia mipini visu vinavyouzwa minadani. Baada ya shikamoo na kuulizana habari za mvua, nilimsomea sehemu ya kuandaa pembe. Alisikiliza kwa adabu hadi nilipofika kwenye maneno "ondoa kiini cha pembe".

"Kiini?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Kile cha ndani."

"Mwanangu, kiini ni cha yai. Humu ndani mna mfupa."

Hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kicheko. Mfasiri aliona neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha katikati, akakumbuka *kiini cha yai*, *kiini cha tatizo*, *kiini cha atomu*, akaliweka. Kumbe kitu chenyewe kinaonekana kwa macho na kila mchinjaji anakijua. Ni mfupa, na istilahi yake iwe *mfupa wa pembe*. Ikihitajika kulitaja lile gamba la juu peke yake, baada ya mfupa kutoka, tunaona *gamba la pembe* linafaa, kwa mfano wa gamba la kobe na lile la ng'amba ambalo mafundi wa Pwani wamelifanyia kazi tangu zamani. Mtu anaweza kupendekeza *upembe* kwa maana ya maada, akifuata mfano wa *udongo* na *uzi*. Tulilifikiria, tukaliacha. Liko karibu mno na *upembo*, ule mti wenye kingoe wa kuangulia matunda, na katika warsha yenye kelele fundi hataisikia irabu ya mwisho.

Nikamsomea yanayofuata. "Usitumie pembe ya kijani." Mzee akasema hajapata kuiona. Msomaji amekwisha kutambua yaliyotokea: Kiingereza hutumia rangi ya jani kwa kitu ambacho hakijakauka, nasi tuna neno *bichi*, ambalo mtoto wa miaka miwili analijua. Pembe mbichi hunywea na kupasuka inapokauka. Mpini uliofanywa kwa pembe mbichi huachana na chuma baada ya msimu mmoja wa kiangazi. Hilo ndilo onyo lililokusudiwa, na katika nyanda za kati, ambako upepo mkavu huvuma miezi mingi ya mwaka, ni onyo muhimu kuliko yote ya kiufundi katika kitabu hicho. Limepotea kwa sababu ya rangi.

Kisha: "Iponye pembe kwa miezi mitatu." Hapa mzee aliuliza kama pembe inaumwa. Kitenzi cha Kiingereza kina maana ya kumponya mgonjwa na pia ya kukausha taratibu kitu kibichi ili kidumu. Kiswahili hakina haja ya kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. Samaki hukaushwa, tumbaku hukaushwa, mbao huanikwa. Pembe nayo *ianikwe kivulini*. Na neno *kivulini* lisisahauliwe, kwa sababu ikianikwa juani itapasuka vile vile.

Nilimwuliza mzee yeye hufanyaje. Alisema huziloweka pembe katika pipa mpaka mfupa ulegee, kisha huzigonga kwenye gogo na mfupa ukatoka wenyewe. Mwenye haraka huchemsha. Hakuongeza neno juu ya harufu, ingawa pipa lilikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa. Sentensi zake mbili zilikuwa na vitenzi vinne ambavyo rasimu haina hata kimoja: kuloweka, kulegea, kugonga, kuchemsha. Rasimu ina *kuondoa* tu, mara sita.

Kuhusu kuchemsha, rasimu inasema maji yawe "katika nyuzi 100 kamili". Mji wa Dodoma uko mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa nyuzi 96 hivi. Atakayesubiri 100 kamili na kipimajoto mkononi atasubiri hadi sufuria ikauke. Hili si kosa la lugha. Lakini mfasiri anayewaandikia watu wa mahali fulani hana budi kufahamu mahali hapo pakoje, na "maji yanayotokota" yangelisema yote. Vivyo hivyo mwongozo unataka mabapa marefu ambayo hupatikana katika pembe kubwa. Ng'ombe wa asili wa Ugogoni, wa jamii ya zebu, ana pembe fupi. Sehemu yake yenye manufaa kwa mpini ni ile ncha iliyojaa, isiyo na uwazi. Pembe ndefu ni za ng'ombe wa Ankole, wanaofugwa Kagera na ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, ambako mafundi huzifanya vikombe, vifungo na vishikizi vya kila namna.

Neno jingine litakalomgharimu fundi ni *kuyeyusha*. Pembe ikipashwa moto huwa laini. Ikibanwa kati ya vibao viwili na kuachwa ipoe, hubaki na umbo jipya. Rasimu inasema "yeyusha pembe kwa moto". Risasi huyeyuka, samli huyeyuka, nta huyeyuka. Pembe haiyeyuki. Fundi atakayeushikilia moto akingoja iyeyuke atanusa harufu ya nywele zilizoungua, na kipande chake kitabambuka tabaka tabaka. Kitenzi ni *kulainisha*.

Tumefika mahali tulipodokeza mwanzoni kwamba maisha yanaweza kupotea. Rasimu inaonya: "Epuka pembe za mifugo iliyoanguka." Nilipomsomea mzee sentensi hii alikubali kwa kichwa, kisha akasema kwamba ng'ombe wengi huanguka njiani wakipelekwa mnadani Msalato, hasa kiangazi, na pembe zao hazina kosa. Alikuwa sahihi kabisa kwa maneno aliyosomewa. Lakini mwandishi wa Kiingereza hakumaanisha mnyama aliyejikwaa. Katika Kiingereza cha wafugaji, mnyama *aliyeanguka* ni aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa, na sababu ya onyo ni kimeta.

Kimeta ni ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu. Vimelea vyake hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kuishi miaka mingi katika udongo, ngozi, sufu na pembe. Mtu huambukizwa kwa mchubuko wa ngozi au kwa kuvuta vumbi, na hiyo ya vumbi ndiyo ya hatari kubwa zaidi. Katika karne ya 19, wachambuaji wa sufu wa Bradford, Uingereza, walikufa kwayo hata ugonjwa ukaitwa kwa jina la kazi yao. Kuchemsha kwa kawaida si kinga ya kutegemewa. Nchini mwetu ugonjwa huu si wa vitabuni tu. Maofisa mifugo wa mikoa ya kaskazini wanaufahamu vizuri. Sasa mfikirie kijana anayekata pembe kwa msumeno na kuipiga tupa na msasa, pua yake ikiwa shubiri moja kutoka kwenye unga unaoruka. Kwa kijana huyu lile onyo lilikuwa sentensi muhimu kuliko zote, naye mfasiri amempa sentensi inayomruhusu.

Nasi tuna neno. Tunalo tangu zamani, na lina ukali unaostahili: *kibudu*. Ng'ombe aliyekufa kibudu ni ng'ombe aliyekufa bila kuchinjwa, na mzoga wake ni *nyamafu*. Nilipomwambia mzee, "Maana yake ni aliyekufa kibudu," alisema mara moja, "Aa, huyo usimguse." Hakuhitaji maelezo ya vimelea. Neno lenyewe limebeba katazo ndani yake, kwa sababu ya matumizi yake katika uhalali wa nyama. Huenda mfasiri aliliogopa kwa kuliona ni neno la jikoni na la msikitini, lisilofaa katika maandishi ya kitaalamu. Ikiwa ndivyo, hapo ndipo tunapotofautiana naye zaidi. *Mzoga* peke yake halingetosha, kwani machinjioni hata ng'ombe aliyechinjwa kihalali na kukaguliwa huitwa mzoga. Sentensi tunayoipendekeza ni hii: "Usitumie kamwe pembe za ng'ombe aliyekufa kibudu, chukua pembe za ng'ombe waliochinjwa na kukaguliwa machinjioni. Ukikata au kusugua pembe, funika pua na mdomo."

Yaliyobaki ni ya kisu chenyewe, nayo tutayapitia upesi. Rasimu inasema *kishikio* badala ya *mpini*. Mlango una kishikio na kikombe kina kishikio. Kisu, jembe na shoka vina mpini, na hata misemo yetu juu ya mwenye mpini na mwenye makali inalijua hilo. Kile chuma kinachoingia ndani ya mpini rasimu inakiita *mkia*. Neno ni *msuka*, limo katika kamusi, na mzee wa Dodoma alilitambua kwa jembe ingawa si kwa kisu. Kulihamisha kutoka jembe hadi kisu si kazi kubwa. Vipande viwili vinavyobana msuka kwa pande zote mbili vimeitwa *mizani*, jambo ambalo hatutalijadili zaidi ya kusema kwamba kamusi ya Kiingereza hutoa maana nyingi kwa neno moja, na ya kwanza si lazima iwe ndiyo. *Mabapa ya mpini* yanafaa.

Katika neno moja sisi wenyewe tulishindwa. Ile pete ya chuma inayozuia mpini usipasuke pale msuka unapoingia, kamusi za zamani zinaiita *noleo*. Tulikwenda Dodoma tukiwa tumelishika neno hili kama hazina iliyofukuliwa. Mzee alisema noleo ni la kunolea kisu, na hiyo nyingine ni *pete* tu. Tulimwonyesha kwamba neno linazo maana zote mbili. Alisema huenda, lakini akimtuma mjukuu wake alete noleo, mjukuu ataleta jiwe. Tumeandika *pete ya mpini*. Kamusi ilitusaidia kwa *msuka* na haikutusaidia kwa *noleo*, na hatuoni kanuni itakayotuambia mapema ipi itakuwa ipi. Hapana budi kwenda kuuliza.

Rasimu imerudishwa kwa walioiandaa pamoja na marekebisho haya, na wamekubali kuichelewesha. Limebaki tatizo moja ambalo tunaliweka mbele ya wasomaji. Pembe iliyochongwa nyembamba sana hupitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma yake, na fundi hutumia dalili hiyo kujua amefika unene anaoutaka. Rasimu inasema *angavu*, lakini kioo cha dirisha nacho ni angavu. Mzee aliinua kipande kwenye jua akasema "imeanza kuona". Tumelipenda, ila hatujui kama ni usemi wa mafundi au wake mwenyewe. Wasomaji wa Kagera, wa Singida na wa Pwani waliokaa karibu na mafundi wa pembe au wa ng'amba wanaombwa kutuandikia.